Geti Lililotaka Jina

Kazi yangu ni kukataa. Nikisema hivyo majirani zangu wa Masuguru hucheka, maana wananijua kama mwanamke asiyeweza kumnyima mtu chumvi, lakini ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya katika ofisi moja ndogo hapa Korogwe, inayotunza rejista ya ardhi ya vijiji kadhaa vya upande wa Handeni. Rejista yenyewe imo ndani ya kompyuta. Kila kipande cha ardhi kina mchoro wake, jina la mwenyewe, namba yake ya simu na majirani wanaopakana naye. Humo hakifutwi kitu. Ukibadilisha jambo, la zamani linabaki chini yake pamoja na jina la aliyebadilisha, na ukitaka unaweza kufunua tabaka baada ya tabaka mpaka ufike siku kipande kilipoandikwa mara ya kwanza.

Mimi siandiki mabadiliko. Naandika masharti yanayokaa mlangoni. Mtu akileta badiliko, mfumo unalipitisha kwenye masharti yangu moja baada ya jingine, na likikosa hata moja linarudishwa na sababu ya kurudishwa. Ofisini tunaliita geti, kama lile geti la mazao barabarani ambapo lori la mahindi husimamishwa na kupekuliwa kabla ya kuruhusiwa. Mchoro wa shamba ukiingia ndani ya mchoro wa jirani, geti linakataa. Shamba likiandikwa katikati ya mto, geti linakataa, na hilo limewahi kutokea. Nililipenda geti langu. Halioni haya, halina shemeji, halipelekewi kuku. Wakubwa wawili watatu walinipigia simu wakitaka liwafumbie macho, nami nikawajibu kwa adabu kwamba halina macho.

Sharti nililolionea fahari kuliko yote lilihusu vifo. Tuliwahi kumpata bwana mmoja aliyedai shamba la marehemu baba yake mkubwa, na alipoulizwa jina kamili la huyo baba mkubwa akaanza kukohoa. Mkuu wetu wa ofisi akaniambia nitafute dawa. Nikaandika kwamba badiliko lolote la urithi halitaingia mpaka mrithi alitaje jina kamili la marehemu kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya kishikwambi cha mkusanya taarifa. Wengi hawaandiki, nikasema, lakini nani asiyeweza kusema? Kisha nikaongeza sharti la pili, kwa sababu tulishaletewa msiba wa mtu ambaye wakati huo huo alikuwa sokoni anauza machungwa. Kila ombi la urithi likifika, ujumbe uende kwenye simu ya huyo anayedaiwa kufa. Kama yu hai, ajibu mbili, na ombi litasimama. Asipojibu mpaka mwisho wa mwezi, tuhesabu kwamba kweli hayupo.

Nilifikiri nimemaliza kila kitu. Baba yangu ni Mzigua wa Sindeni, na kwetu kumtaja marehemu ni kumtendea wema. Kila mwaka kabla ya mfungo, shangazi yangu huandaa dua ya marehemu wa ukoo. Mwalimu akisoma majina, shangazi hukunja vidole kimya kimya, na akirukwa mtu anakohoa mpaka mwalimu arudi nyuma. Anaona aibu mtu wake akikosa kutajwa, kana kwamba wageni wamepakuliwa wali naye ameachwa na sahani tupu. Mimi nimekulia kwenye mikeka ya dua hizo. Haikunijia hata kidogo kwamba yuko mke aliyempenda mumewe na asiyeweza kulitoa jina lake mdomoni.

Alikuja ofisini asubuhi moja ya kiangazi, vumbi la barabara ya Handeni likiwa bado kwenye kope. Alikuwa Mmaasai, umri wa mdogo wangu wa mwisho, na alikuwa peke yake. Alinipa shikamoo, nikaitikia, nikamkaribisha kiti. Hakukaa. Alifungua fundo kwenye ncha ya shuka, akatoa simu ndogo ya vibonyezo, akaiweka juu ya meza na kuisogeza kwangu kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza kitu cha moto.

"Mwambieni aache kumwita," akasema.

Nikamuuliza nani anamwita nani. Akaionyesha simu kwa kidevu. Nikafungua ujumbe wa juu kabisa, na mara moja nikayatambua maneno, maana niliyaandika mimi. Ndugu, halafu jina lote, la mtu na la baba yake, kuna ombi la kubadilisha mmiliki wa eneo lako. Chini yake ulikuwepo mwingine wa namna hiyo, na mwingine. Nikaanza kuusoma kwa sauti ili anieleze tatizo liko wapi. Akaufunika mkono wangu kwa mkono wake. Kiganja chake kilikuwa baridi, na ofisi yetu haina hata feni.

Alinieleza taratibu, akinitazama kuona kama nafuata. Mumewe alikufa kijana. Alianguka na pikipiki akitoka mnadani, akaacha mtoto mmoja wa kike. Mzee akifa akiwa ameshapata wajukuu, jina lake hubaki, nalo hupewa watoto. Lakini aliyekufa kijana, jina lake linafukiwa naye. Ndugu zake hawalitaji tena. Jamaa mmoja wa boma la pili aliyekuwa na jina hilo hilo alipewa jingine, na sasa hata mama yake mzazi anamwita kwa hilo jipya. Kulitaja ni kumwita, akasema, na unayemwita anakuja. Simu alibaki nayo kwa sababu wanunuzi wa ng'ombe wanaijua namba ile. Yeye hajui kusoma, husomewa na binti yake aliye shule ya msingi. Siku ujumbe wa kwanza ulipoingia, binti aliusoma wote kwa sauti ya darasani, na bibi yake, mama wa marehemu, alikuwa anakamua. Bibi aliacha kibuyu pale pale, akaenda kukaa kwa mwanawe mwingine na hakurudi.

Nikamwambia, kwa upole niliodhani ni upole, kwamba hakuna anayemwita mtu, ni mashine inatuma yenyewe. Akanitazama vile watu wanavyomtazama mlevi.

"Najua ni mashine," akasema. "Lakini mashine inatumwa."

Basi nikafungua rekodi ya kipande chake huku yeye akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Ilikuwa na maombi mawili. La kwanza lilikuwa lake mwenyewe. Alitaka boma na malisho viandikwe kwa jina lake, amtunzie binti. Geti lilikuwa limelikataa, na sababu iliandikwa kwa herufi nyekundu: jina la marehemu halikutajwa. La pili lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa marehemu, anayekaa Mombo. Lilikuwa limepita. Jina limetajwa, sauti ni safi, ndugu wa damu amethibitishwa. Sasa lilikuwa linangoja tu siku ziishe, na kila baada ya siku kadhaa mfumo ulikuwa unamkumbusha marehemu ajibu kama hakubali. Mwezi ukiisha bila jibu, ardhi ingekuwa ya shemeji, na yeye na binti wangebaki hapo kwa hisani yake.

Nikamweleza hivyo bila kuzunguka. Akauliza kama naweza kulitoa kabisa jina la mumewe humo ndani, lisiwepo popote. Nikalazimika kumwambia kwamba haiwezekani. Hata akiandikwa yeye, jina la mume litabaki chini yake, kwenye tabaka la zamani, kwa sababu ndivyo rejista ilivyotengenezwa.

"Hamziki kabisa?" akauliza.

Nikamwambia aijibu simu, aandike mbili, ombi la shemeji lisimame. Akaichukua simu, akaifunga tena kwenye fundo, akaniaga vizuri na kuondoka.

Alipotoka nikavaa vipokea sauti vya masikioni, nikasikiliza zile rekodi mbili. Ya shemeji ilikuwa fupi. Jina, jina la baba, basi, kama askari anayejibu wito. Ya mjane ilikuwa ndefu, na karibu yote ilikuwa kimya. Mkusanya taarifa wetu anamwambia ataje jina la marehemu. Kimya. Anarudia kwa heshima. Kengele za ndama zinalia mbali, upepo unapiga kwenye kipaza sauti, mtu anavuta pumzi. Halafu sauti ya mtoto inaanza kusaidia, inatoa kipande cha kwanza cha jina, na ghafla inazibwa na kitu, nadhani kiganja. Baada ya hapo ni upepo tu mpaka mwisho.

Niliisikiliza tena. Sijui kwa nini, maana hakikuwepo cha kusikiliza. Siku zilizofuata ikawa nikichambua mchele nyumbani nausikia ule upepo, na nikipita sokoni mtu akamwita mwenzake kwa jina, nageuka. Nilianza kuiogopa rejista niliyoifanyia kazi miaka yote hiyo. Nilikuwa najua kwamba wamo marehemu wengi ambao hajatokea mtu wa kuwabadilisha, lakini nilikuwa nawaona kama taarifa zilizochelewa. Sasa nikifungua ukurasa nilikuwa nawaona wamekaa kwenye vipande vyao, kila mmoja na namba yake ya simu, wakingoja kuulizwa kama wanakubali. Mimi si mtu wa mashetani. Kikombe kikianguka nyumbani kwangu namlaumu paka. Lakini nilikuwa nafungua kurasa zile kwa kubisha hodi moyoni, na nilikasirika kwa kujikuta hivyo.

Kilichoniuma zaidi ni kimya chake. Kwenye ombi lake mwenyewe, geti langu lilikihesabu kuwa kushindwa. Kwenye simu ya mumewe, geti hilo hilo lilikihesabu kuwa kukubali. Mwanamke alinyamaza mara mbili kwa sababu moja, na mimi nilimhukumu mara mbili.

Nikaenda Mombo kumwona shemeji. Ana banda la nyama choma pale mabasi yanaposimama, na nilitarajia kukutana na mnyang'anyi, nikawa nimejiandalia maneno njia nzima. Nikamkuta kijana mstaarabu, kavaa aproni, anakata nyama huku akiwaitikia abiria madirishani. Alinipa shikamoo, akanifutia kiti, akaniletea soda ambayo sikuiagiza. Hakuficha kitu. Kaka yake hakuacha mtoto wa kiume, akasema. Binti akiolewa, ardhi itakwenda kwa ukoo mwingine, na baba yao alipigania sana ile ardhi. Shemeji yake atakaa pale mpaka afe, hatamgusa mtu, ila iandikwe kwa jina la nyumba. Nikamwambia kwamba yeye ndiye aliyeweza kupita getini kwa sababu alilitaja jina, na mwenzake alishindwa. Akaacha kukata.

"Mimi nimebatizwa, mama," akasema. "Jina halinifanyi kitu."

Lakini katika mazungumzo yetu yote alikuwa akisema "yule". Yule alipenda nyama ya mbavu. Yule ndiye aliyemleta mjini. Nilipomwomba aliondoe ombi lake, aliutazama mlima kwa muda, kisha akasema kwamba ameshalitamka mara moja, na akiondoa ombi atakuwa alilitamka bure. Hapo nikaelewa kwamba hata yeye analipa kitu, na kwamba hataondoa. Basi la Lushoto likaingia, akachukua sinia lake na kulikimbilia.

Nikarudi Korogwe nikaandika sharti jipya. Halikuwa gumu, na hilo lilinitia uchungu, kwamba dawa ilikuwa rahisi kiasi kile. Jina la marehemu linaweza kutajwa na jirani anayepakana na eneo, asiye wa ukoo wake, mrithi akiwa mbali asikoweza kusikia. Mrithi mwenyewe atembee mpaka wote wa eneo na kishikwambi mkononi, na njia aliyopita ilingane na mchoro. Mwongo anaweza kukariri jina, lakini hawezi kuujua mti ambao mpaka unakata kona. Nikaongeza kwamba ujumbe wa simu usibebe jina la mtu yeyote. Nikalijaribu kwenye nakala ya rejista tunayofanyia majaribio, kwa kesi za kweli na za kubuni. Likawapitisha waliostahili kupita na kuwakataa waliostahili kukataliwa. Mjane mwenyewe anapakana na mkulima wa Kizigua, mwenye mahindi, ambaye angelitaja jina la jirani yake bila tabu na kumwombea dua juu yake.

Mkuu alilisoma, akalisifu, akasema litaanza kutumika na maombi ya mwezi ujao. Nikamwambia mwezi ujao shemeji atakuwa ameshaingia. Akasema anajua. Ombi linamalizwa na masharti lililoanza nayo, la sivyo kila aliyekataliwa atakuja kudai masharti mapya na kila aliyepita atahofia kutolewa. Alikuwa sahihi, na nilitamani kumrushia kikombe. Nilikuwa na uwezo wa kuliingiza sharti mwenyewe bila kumwambia. Rejista ingeandika jina langu na siku, ingeonekana, ningefukuzwa, na badiliko lingerudishwa. Na ningekuwa nimefanya lile lile nililokuwa nawakatalia wakubwa kwenye simu. Kilichobaki kilikuwa kumwomba mjane ajibu ile simu.

Nikaenda kwake mwenyewe, mwezi ukiwa ukingoni. Baada ya Sindeni nilichukua bodaboda, tukakata kwenye migunga na majani makavu mpaka tukaliona boma. Lilikuwa dogo, uzio wa miiba, nyumba moja yake na nyingine ya mama mkwe ambayo mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kamba. Alinipokea kama mgeni wa heshima. Binti yake alileta kichwa, kama watoto wa kwao wanavyowaamkia wakubwa, nikamgusa utosini, kisha akaniletea chai ya maziwa na kukaa mbali kidogo, akinitazama viatu.

Nikaanza kumshawishi. Nilisema yote niliyoyapanga na mengine niliyoyazua hapo hapo. Hahitaji kutaja kitu, hahitaji kusoma, ni kubonyeza mara moja tu. Hata mimi naweza kumbonyezea. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ujumbe unamuuliza yeye," akasema. "Nikibonyeza, aliyejibu ni nani?"

Nikasema atakuwa amejibu yeye mjane. Akatikisa kichwa. Kwenye mashine yenu, akauliza, itaandikwa nani amejibu? Nikakumbuka kwamba itaandikwa mmiliki amejibu, na jina lake, na saa yake. Aliiona sura yangu ikibadilika, akajua kwamba amepatia. Mume wake angekuwa amesema neno, ameandikwa, na rejista isingelifuta milele. Alikuwa ameielewa kazi yangu kuliko nilivyotaka aielewe.

Hapo nikashikwa na hasira, si juu yake, juu ya kila kitu, na nikamwambia vibaya. Nikasema basi ardhi inakwenda, na binti huyu atakua kwenye ardhi ya watu. Mara tu nilipotamka nikatamani kuyarudisha. Aliinamisha macho, akawa anachora chini kwa kijiti. Kisha akauliza lile ombi lake la kwanza, likipita leo, litamzuia shemeji? Nikasema ndiyo, ombi la mke likipita la ndugu linasimama mpaka kijiji kikae kuamua.

"Na hiyo yako, ikisikia mara moja inatosha?"

Nilijua anachouliza. Ningeweza kusema tuondoke tutafute njia nyingine. Nikasema mara moja inatosha.

Alimtuma binti akawaangalie ndama ng'ambo ya uzio, akamwambia aende mbali, na akangoja mpaka kengele zikasikika kwa mbali. Akasimama. Uzio ule ulikuwa na malango mawili, na moja lilikuwa limezibwa kwa miiba mikavu. Hilo ndilo mumewe alilokuwa akiingilia na ng'ombe wake, hakuwa na haja ya kuniambia. Akaligeukia. Nilishika kishikwambi kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia sauti ya mtu anayelazimishwa. Haikuwa hivyo. Alilitaja jina lote, la mumewe na la baba wa mumewe, kwa sauti ya chini, isiyo na haraka, sauti ya mwanamke anayemwita mtu wake chakula kikiwa tayari. Kioo kikageuka kijani. Jina limetajwa, ombi limepokelewa. Na kwenye fundo la shuka lake ile simu ikatetemeka, kwa sababu niliiandikia itetemeke, kila ombi linapopita lazima mmiliki aarifiwe. Hakuitoa. Aliiacha itetemeke mpaka ikanyamaza, akiwa bado ameelekea lile lango. Nilitaka kumweleza kwamba ni ujumbe tu, nikaona nitakuwa namtukana. Nililia, mimi mgeni, na yeye ndiye aliyeniletea maji ya kunawa.

Kijiji kilikaa. Shemeji alifika kutoka Mombo kwa shati jeupe, akasikiliza, na alipoambiwa kwamba shemeji yake amelitamka jina, hakubishana tena. Ardhi iliandikwa kwa mjane. Mwezi uliofuata sharti jipya likaingia, na tangu hapo wajane wengine wa tambarare zile wamepita getini bila kutaja mtu. Majirani wanawatajia, na wao wanatembea mipaka yao. Mkuu alinipongeza mbele ya wenzangu. Nilikaa nikitazama miguu ya meza.

Mvua zilipoanza, geti likarudisha taarifa moja kutoka eneo lile. Mkusanya taarifa alikuwa ameweka alama ya makazi mahali tofauti na tuliyokuwa nayo, na moja ya masharti yangu ni kwamba makazi hayahami bila maelezo. Nikasema nitakwenda mwenyewe.

Nilimkuta kwenye kona ya mwisho ya ardhi yake, huko yanakoanzia mahindi ya jirani. Alikuwa anakandika nyumba mpya, mikono imejaa samadi mpaka viwikoni, binti akimletea maji. Alifurahi kuniona. Nikamuuliza kuna ubaya gani kule boma, maji yalikuwa karibu na kivuli kilikuwepo. Alimaliza kusawazisha sehemu aliyokuwa akiikandika.

"Ardhi ni yangu," akasema. "Lakini pale nilimwita mwenyewe, akaja. Siwezi tena kumfukuza. Pale anakaa yeye."

Nilipitia kule nikirudi. Nyumba ilikuwa imeanza kupasuka, majani mabichi yameota ndani ya uzio, na miiba iliyoziba lile lango ilikuwa imeondolewa, lango liko wazi. Nikatoa kishikwambi nihamishe alama. Kwa kila makazi ya zamani fomu ina swali moja, kuna anayekaa hapa, ndiyo au hapana, na haikubali uliache wazi. Mimi ndiye niliyeizuia isikubali. Nilisimama pale mvua ikianza kudondoka juu ya kioo, nikakifuta kwa khanga, nikabonyeza ndiyo. Geti likapokea.